Anafanya Kazi Mjini

Ko. Ko. Ko-ko-ko. Ko.

Madirisha yalikuwa yamefungwa na chumba kilikuwa kiza, kwa hiyo sauti ile ilitufikia kabla ya kitu kingine chochote. Ilipenya kwenye mbao za dirisha, ikapita juu ya kichwa cha mke wangu, ikagonga ukuta wa pili, ikarudi tena kama mtu aliyesahau mwavuli.

“Mwambie anyamaze,” alisema mke wangu kutoka chini ya mto.

“Nani?”

“Yeyote yule. Mwambie nimekuja kulala, sikuja kufuliwa kama chuma.”

Nilisukuma ubao mmoja wa dirisha nikachungulia. Chini, upande wa pili wa kichochoro, mwanamume mnene mwenye upara unaong'aa alikuwa ameketi kwenye kibago, sinia kubwa la shaba mapajani, akiligonga kana kwamba lilimkosea adabu. Kichochoro chenyewe kilikuwa chembamba, na mtu angeweza kumpa mwenziwe chumvi kutoka dirisha hadi dirisha. Ilikuwa asubuhi yetu ya pili katika mji ule, na mke wangu alikuwa ametoka kazini saa hiyo hiyo.

Yeye ni mkunga katika hospitali kubwa ya jiji, na mwezi ule wote alikuwa zamu ya usiku. Mimi hushona vitabu. Napokea kurasa kutoka kwa wapiga chapa wa jijini, nazikunja, nazitoboa, nazitia uzi na gundi na jalada, kisha nazirudisha zikiwa vitabu. Ni kazi isiyo na kelele, na nikipata meza na mwanga naweza kuifanya popote. Ushairi pia niliupata humo. Nilikuwa nasoma kile nilichokuwa nashona, na siku moja nikaona kwamba walioandika hawakuwa na vidole vingi kuliko mimi.

Kabla ya hapo tulikaa jijini, ghorofa ya nne, juu ya stendi ya mabasi. Miaka yote ile jirani wa mlango wa kushoto tulimjua kwa kikohozi tu. Siku kikohozi kilipokoma hatukujua kama amepona, amehama au amekufa, na tuliona haya kuuliza, maana tungeanzaje? “Habari, sisi ndio tunaokusikia”?

Ndipo shangazi yangu, dada wa baba, akatuita. Nyumba yake ya zamani ilikuwa na ghorofa tupu tangu watoto wake wasambae duniani. Tulikwenda kuiona siku ya mapumziko, na moyo wangu ulitekwa hapo hapo. Treni inatoka jijini ikipita viwanda na maghala na nyumba zisizokwisha, kisha ghafla, kama mtu aliyekatizwa maneno, jiji linakoma. Unaona mashamba, unaona kilima, na juu yake mji wa mawe umejikusanya kama watu wanaosikiliza habari moja. Lango lake lilijengwa kabla magari hayajaota katika akili ya mtu, kwa hiyo magari hubaki nje kama viatu. Ukishapita pale, unasikia nyayo zako mwenyewe. Jua huingia vichochoroni kwa zamu. Kuta ni nene, na joto likibisha hodi linachoka kungoja mlangoni. Na mikono ya watu waliokwisha kufa iko kila mahali: kwenye vizingiti vilivyochongwa maua, kwenye ngazi zilizolika katikati, kwenye pete za shaba za kugongea milango, kila moja na umbo lake na mlio wake.

“Karibuni Mjini,” shangazi alitupokea.

“Shangazi,” nilicheka, “mjini ndiko tulikotoka.”

“Kule ni jijini,” alisema bila kucheka. “Mjini ni hapa. Hapa watu walikuwa wakishitakiana mbele ya hakimu wakati kule sungura wanawindwa. Usiniharibie maneno, mwana wa kaka yangu. Na mlango ufungeni vizuri, siku hizi kuna mshenzi anapita usiku kung'oa pete za shaba akauze kwa wapenda vitu vya kale.”

Wa mke wangu haukutekwa. Alipanda ngazi, akahesabu kwa macho, akasema, “Mimba ya miezi minane haipandi hapa.” Akagusa ukuta, akanusa kidole. Mwishowe alisema tujaribu mwezi mmoja. Mwenzake wa wodini alikuwa na chumba katika nyumba za wauguzi, mbele kabisa ya hospitali, na angemwekea hadi Ijumaa ya mwisho. “Nikilala vizuri, tunabaki,” alisema. “Nisipolala, mume wangu, hata uniandikie diwani nzima, tunaondoka. Mikono yangu inapokea watu. Siwezi kuwapokea ninasinzia.”

Mimi nilichokuwa nacho ni hamu. Niliutaka mji ule kama mtu anavyomtaka mchumba, kwa wivu na kwa mipango ya miaka mingi. Sasa upara mmoja na nyundo moja vilikuwa vinaninyang'anya mji huo.

Nilishuka ngazi mbili mbili.

“Fundi!”

Ko. Ko.

“Fundi! Shikamoo!”

“Marahaba,” alisema, akainua macho. “Usinipigie kelele, nipo kazini.”

“Mimi ndiye napiga kelele?”

“Eh?” Alinigeuzia sikio la kulia.

“Nimesema, mimi au wewe?”

“Aaa. Wewe.” Akagonga tena, ko, ili kukamilisha sentensi. “Wewe ndiye mpangaji wa juu. Mtoto wa kaka yake yule mama. Mimi wananiita Mdundo. Nyundo hii, kijana, ilikuwa ya babu yangu. Iligonga hapa hapa baba yako hajajua kutambaa. Wewe umefika juzi na kitanda chako. Sasa nani anamsumbua mwenzake?”

Madirisha yalianza kufunguka. Katika mji ule dirisha ni sikio na mdomo pia. Kwenye mlango wa pili alisimama binti yake Mdundo, mwoka mikate, mikono myeupe kwa unga na mimba yake imemtangulia barabarani. Watu wote wale wakinitazama, nami damu imenipanda kichwani, ningefanya nini? Mwingine angetukana. Mimi nilifunga macho, nikaupiga mguu chini, na ubeti ukaja wenyewe:

*Nyundo yako ewe fundi, yabomoa usingizi,*
*Hata ndege wa makundi, wamehama makaazi,*
*Kelele siyo ufundi, na fujo siyo ujuzi,*
*Iweke chini, hushindi, mke wangu ana kazi!*

“Weee!” mtu alipiga kelele kutoka dirisha la juu.

Mdundo alipepesa macho. “Rudia,” alisema. “Mwanzo sikuusikia vizuri.”

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa anahesabu kwa vidole kwenye ukingo wa sinia.

“Mizani imekaa,” alikubali. “Lakini umesema mke wako ana kazi. Kazi gani hiyo ya kulala mchana?”

“Anafanya kazi mjini!” nilisema, kifua mbele. “Usiku kucha! Watu wamelala, yeye yuko mjini anahangaika!”

Kichochoro kizima kilinyamaza. Mwoka mikate aliacha kupangusa mikono. Dirisha moja likafungwa polepole. Mimi niliuchukulia ukimya ule kuwa heshima, nikapanda ngazi kama jemadari.

Kesho yake asubuhi nyundo ilianza tena, na safari hii ilikuwa inaimba. *Nyundo-yako-ewe-fundi*, ko-ko, *yabomoa-usingizi*, ko! Ubeti wangu ulikuwa umeikaa ile nyundo kama kofia. Mdundo aliuimba kwa sauti ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe, yaani mara tatu ya inavyohitajika, na kila alipofika kwenye “fujo siyo ujuzi” aliongeza kipigo cha ziada kwa furaha yake mwenyewe.

“Hongera,” alisema mke wangu, macho mekundu. “Jana alikuwa na nyundo tu. Leo umempa na wimbo.”

Siku zikaenda. Alijaza pamba masikioni. Alijifunga kitambaa kichwani. Alihamishia godoro chumba cha nyuma, akakuta huko kuna mwangwi. Mimi nilishona kurasa zangu karibu na dirisha, kwa kila kishimo cha sindano nikiiombea laana nyundo ile. Na bado, aibu iliyoje, jioni nilipotoka kununua uzi nilijikuta nafurahi. Mshona viatu alinisalimu kwa jina la shangazi. Mtu nisiyemjua aliniambia kofia yangu imekaa upande. Ilikuwa haiwezekani kupotea, maana ukisimama tu kwenye njia panda, dirisha litakuuliza unamtafuta nani.

Kisha nikaanza kuona kwamba mke wangu haulizwi kitu.

Alasiri moja alishuka kununua mkate. Alirudi bila kuvua viatu, akaketi juu ya kreti la vitabu.

“Nimeingia, wamenyamaza,” alisema. “Wanawake wanne. Nimesalimu, mmoja amenijibu, akataka kuchungulia mfuko wangu. Mwoka mikate amenipa mkate kwa ncha za vidole. Ninatoka, nasikia mtu nyuma yangu anasema, ‘Mlango wao tu ndio una pete.’ Pete zao zinanihusu nini? Nimewakosea nini?”

“Labda umesikia vibaya.”

“Kusikiliza ndiyo kazi yangu, bwana. Sisikii vibaya.” Alikuwa hajainua sauti, na hilo ndilo lililonitisha. “Kule jijini hakuna aliyenijua. Hapa wananijua, lakini wanayemjua si mimi. Bora kule. Ijumaa nitamwambia mwenzangu kwamba chumba nakichukua.”

Nikateremka kwa shangazi, aliyekuwa anachambua mchele uani. Nilimweleza yote. Aliponisikiliza hadi mwisho, aliuliza jambo moja tu.

“Siku ile ya shairi lako. Ulisema anafanya kazi wapi?”

“Mjini. Usiku.”

Shangazi aliweka ungo chini. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, kisha akajifuta machozi kwa ukingo wa nguo. “Mjini! Ole wangu! Mwana wa kaka yangu, nilikuambia siku ya kwanza. Mjini ni hapa! Hapa maduka yanafungwa magharibi, baada ya hapo hata paka hana shughuli. Umesimama katikati ya mtaa ukatangaza kwamba mkeo anahangaika Mjini usiku kucha. Kila jioni wanamwona anatoka na mfuko mkubwa. Kila alfajiri anarudi na mfuko. Na pete za milango zinang'oka, ila ya kwetu! Sasa wewe, ungekuwa wao, ungefikiri anafanya nini?”

Masikio yaliniwaka moto. Mtu mwenye kujisifia maneno, neno moja dogo lilikuwa limemtia mke wake wizini.

“Nakwenda kuwaambia sasa hivi!”

“Ukiwa na hasira hiyo? Utawatungia ubeti wa pili, na wataimba na huo.”

Lakini hatukuwa na nafasi ya kushauriana, kwa sababu ngazi zililia juu yetu. Mke wangu alikuwa anashuka kwenda treni ya jioni, mfuko begani. Alitupita, akafungua mlango mkubwa, akatoka. Nami nikamfuata.

Walikuwa wanamngoja. Hawakuwa wengi: Mdundo, binti yake, mshona viatu, na vichwa vya madirishani. Mdundo alisimama katikati ya njia, mikono nyuma, na kichochoro kile hakihitaji watu wawili kuzibwa.

“Mwanangu,” alisema, na sauti yake kubwa ilijaribu kuwa ya upole ikashindwa. “Hatutaki ugomvi. Jana usiku pete ya mlango wangu imekwenda. Ya babu yangu. Mlango uligongwa kwa pete ile siku niliyozaliwa. Tufungulie huo mfuko, tuone, twende zetu.”

“Thubutu!” nilipiga kelele. Nilikuwa tayari kumrukia, upara na kila kitu. “Fungua mfuko wako mwenyewe, ewe mzee wa makelele!”

“Mdundo!” shangazi naye aliita kutoka kizingitini. “Ukimgusa mkwe wangu nitakugeuza sinia!”

Mke wangu aliinua kiganja. Ni kiganja kile kile, nadhani, anachokiinua wodini watu wote wakipiga kelele na mmoja tu ndiye mwenye haki ya kupiga. Tukanyamaza.

“Mzee, umeambiwa nafanya kazi wapi?” aliuliza.

“Mjini,” alisema Mdundo. “Mumeo mwenyewe kasema.”

“Usiku?”

“Usiku kucha.”

Alinitazama. Sijui ilichukua muda gani, lakini nilimwona akielewa: alimtazama shangazi anayejizuia kucheka, akanitazama mimi na masikio yangu, na kona moja ya mdomo wake ikapanda.

“Ni kweli,” alisema. “Nafanya kazi mjini. Mji wa uzazi.” Akageuka, akayapa madirisha nafasi ya kusikia. “Mnaujua. Kila mmoja wenu alikaa humo miezi tisa bila kulipa kodi, na mkatoka mnalia!”

Mtu alipasuka kicheko juu, na mwingine, na mshona viatu akashika ukuta. “Mkunga!” dirisha moja liliambia jingine. “Ni mkunga, jamani!” “Wa hospitali ya jijini!” shangazi aliongeza. Kwa miaka mingi nimesumbuka na vina na mizani, na hapo mke wangu alitwaa neno lililonianguka mkononi, akaligeuza upande wa pili, akawarudishia likiwa limepona. Sikuona wivu. Naam, niliona kidogo.

Akafungua mfuko bila kulazimishwa. Sare. Viatu vya raba. Kopo la chakula. Na pembe ndogo ya mbao, pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine.

“Hii ni tarumbeta?” Mdundo aliuliza, kwa sababu mtu wa sauti huuliza kwanza kuhusu sauti.

“Ya kusikiliza, si ya kupiga.” Akamgeukia mwoka mikate, aliyekuwa amesimama na unga wake na aibu yake. “Miezi mingapi, mdogo wangu?”

“Wa nane huu.”

“Mumeo?”

“Dereva. Yuko safarini.”

“Kuna mtu amemsikiliza mtoto mwezi huu?”

Binti alitikisa kichwa. “Zahanati iko mbali, na tanuri haingoji.”

“Basi ingia ndani, ukae. Treni iko nyingine.”

Tuliingia karakana ya Mdundo, sisi watu wa nyumba mbili tu, mlango ukarudishiwa. Masinia yalining'inia ukutani kama miezi. Binti aliketi akaegemea, mke wangu akapiga magoti, akaweka upande mpana wa pembe juu ya gauni jepesi, sikio upande mwembamba, akatuacha. Hivi ndivyo naweza kusema: alikuwa hapo na hakuwapo. Kisha akatabasamu na macho yake yakarudi.

“Yupo. Anakwenda vizuri sana.”

“Na mimi,” alisema Mdundo.

Binti yake aliitikia kwa kichwa. Mzee alishuka magoti kwa taabu, akaweka sikio la kulia, lile zuri, kwenye pembe. Akabana pumzi. Tukangoja. Uso wake ulikuwa unatafuta, kama wa mtu aliyeingiza mkono mfukoni akijua kabisa kwamba aliweka kitu humo.

“Sisikii,” alisema. Kwa mara ya kwanza alisema jambo kwa sauti ndogo. “Pana kimya tu.”

Hakuna aliyecheka. Sote tulitazama ile nyundo juu ya fuawe, tukaelewa ilichochukua kwa miaka yote ile. Hata mimi, niliyekuwa nimeilaani kwa sindano, niliona haya.

Mke wangu hakumwambia pole. “Nipe sinia lile,” alisema. Akamketisha Mdundo sakafuni, akamwekea sinia mapajani, akambandika viganja vyake viwili juu ya shaba. Kisha akarudi kwenye pembe, sikio moja kwa mtoto, na kwa mkono ulionyooka akaanza kugonga ukingo wa sinia kwa ukucha.

Tik-tik-tik-tik-tik-tik-tik.

Mdundo alitazama viganja vyake. Shaba ilikuwa inampigia habari.

“Ndiye huyu?” aliuliza.

“Ndiye huyu.”

“Mbona ana haraka hivi?”

“Wote huwa hivi, baba. Yuko njiani kuja Mjini.”

Nilimsikia akilitamka neno lile kama shangazi anavyolitamka, na moyo wangu nao ukaanza kwenda mbio kama wa yule mtoto. Kwa mara moja tu katika maisha yangu nilijua kufunga mdomo.

Mzee alikaa na lile sinia hata baada ya ukucha kunyamaza. Kisha akapangusa upara, akakohoa, na sauti yake kubwa ikarudi.

“Mimi nina kazi za nyundo na kazi za kimya,” alisema. “Kuchora nakshi. Kusugua. Kutia risasi iliyoyeyushwa kwenye mishono. Naanza na nyundo asubuhi kwa kuwa baba yangu alianza na nyundo asubuhi. Hakuna mtu aliyeniomba kugeuza. Huyu mumeo alikuja kunitukana. Kwa mizani, lakini alinitukana.”

“Nisamehe, mzee,” nilisema.

“Ubeti ni mzuri. Sikusamehe, naendelea kuuimba. Ila alasiri.” Akamgeukia mke wangu. “Nitajuaje umeamka?”

“Nitafungua dirisha.”

Aliyekuwa anang'oa pete alikamatwa siku mbili baadaye kwenye stesheni, kijana mmoja wa nje ya lango, baada ya mfuko wake kulia kama kengele alipopanda treni. Pete ya babu ikarudi. Lakini kufikia hapo hakuna aliyekuwa anaulizia mfuko wa mke wangu, isipokuwa wanawake waliotaka kujua kama pembe iko ndani.

Ijumaa nilimpokea stesheni. Hatukuzungumzia chumba. Yeye alikuwa amechoka na mimi nilikuwa naogopa. Tulitembea kupanda kilima, tukapita lango, na ule ubaridi wa kuta ukatupokea. Mwoka mikate alimpa mkate wa moto bila kumruhusu kufungua pochi. Dirisha la kwanza liliuliza, “Wangapi leo?” Mke wangu akajibu, “Watano, na mapacha ndani yake!” Dirisha la kwanza likalifikishia la pili, na hadi tunafika mlangoni kwetu habari ilikuwa imetutangulia, shangazi anapiga vigelegele kwa watoto asiowajua.

Alilala. Nilikaa na kurasa zangu dirishani, nikitazama kwenye upenyo. Chini, Mdundo alikuwa ameinamia sinia na msumari mdogo, akichora jani baada ya jani, kimya kabisa. Akapita mtu na mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

“Shhh!” Mdundo alinguruma, na mbao za madirisha zikatetemeka. “MKUNGA AMELALA!”

Mke wangu alicheka usingizini, au hakuwa amelala bado. Aligeuka upande wa pili. Safari hii akazama kweli, na sindano yangu ikaenda na pumzi yake hadi kivuli cha nyumba ya mbele kilipofika mezani.

Alipoamka alikaa kitandani muda, nywele zimesimama, akisikiliza ule ukimya.

“Umemjibu mwenzako?” niliuliza. Nilikuwa nimelibeba swali lile siku nzima na lilikuwa limenichosha mabega.

Aliinuka, akafika dirishani, akasukuma mbao zote mbili kwa mpigo. Mwanga ukajaa chumba. Chini, mkono wa Mdundo ulikuwa umekwisha kuifikia nyundo.

“Mzee!” aliita. “Ngoja kwanza!”

Mdundo aliinua uso, akageuza sikio la kulia. Binti yake akatoka mlangoni, mkono kiunoni.

Mke wangu aliegemea nje kabisa ya dirisha, kama mtu aliyezaliwa katika nyumba ile, akauzungushia mdomo viganja viwili ili sauti imfikie.

“Siku ya huyo mdogo wangu ikifika, usiniache nilale! Unasikia? Hata iwe asubuhi, hata niwe nimeingia kitandani sasa hivi. Chukua nyundo kubwa kuliko zote, ugonge sinia mpaka niamke. Nitashuka viatu viko mguuni, na tutakwenda naye hospitali pamoja. Nipo hapa hapa, baba. Nakuahidi!”